Mguu wa kushoto wa mke wangu: damu iliganda kutoka pajani mpaka tumboni, na mama mkwe akawa mlinzi wa wodi

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko kazini na mlioko mnazuga kazini.

Mimi humu ni msomaji wa kimya kimya. Napita, nacheka na comments zenu, naondoka. Leo naandika kwa sababu jambo hili nikikaa nalo mwenyewe nitakuwa mchoyo.

Na si chai. Mke wangu amekaa hapa pembeni anasoma kila ninachoandika na kunisahihisha, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi sina upenyo.

Tahadhari kabla hatujaanza: natokea Sumbawanga. Najua, najua. Wale wa utani wa uchawi, wa radi na ungo, chekeni sasa hivi mmalize.

Mmemaliza? Haya.

Mimi ni Msukuma wa huku huku. Wazee wangu walihamia na ng'ombe kabla sijazaliwa, wakakaa bonde la Rukwa, na mimi nikaja kuishia mpakani Kasesya kwenye shughuli za mizigo. Mke wangu, Editha, ni Mfipa wa Mpui. Kwao ni wakulima wa mahindi na ulezi, Wakatoliki wale ambao jumuiya hawakosi hata mvua inyeshe mawe.

Mimba yetu ya kwanza ilienda vizuri. Akajifungua kwa operesheni, mtoto wa kike, mzima, ana sauti ya mnada. Aliporuhusiwa akaenda kwao Mpui kulelewa na mama yake, mimi nikarudi Kasesya kutafuta.

Sasa kwa wasiojua, mama mzazi huku kwetu haguswi na kazi. Analala. Anakunywa uji wa ulezi, anakula, ananyonyesha, analala tena. Asubuhi na jioni anakandwa kwa maji ya moto, na ninaposema moto namaanisha moto. Sasa kwa kuwa Editha alikuwa na mshono, tumbo likaachwa, nguvu zote zikahamia mgongoni na miguuni.

Na mkandaji mwenyewe ndiye mama mkwe wangu. Pale Mpui ana jina. Wakwe na mabinti wa watu wengi wamepita kwenye mikono yake wakainuka wamenawiri.

Ikaanza kidogo kidogo. Editha akasema nyonga ya kushoto inavuta. Akaambiwa ni uchovu wa uzazi. Halafu mguu ukaanza kujaa, kuanzia pajani kushuka. Mama akazidisha maji, akazidisha nguvu.

Naomba hapa tuelewane mapema, maana humu kuna watu wepesi wa kumtukana mama wa mtu. Yule mama alikuwa anafanya alichofundishwa na mama yake, kwa mapenzi yote. Atakayemtukana nitamjibu.

Nikapigiwa simu. Nikadandia lori la mahindi mpaka mjini, asubuhi iliyofuata nikachukua gari ya Mpui. Upepo wa huku mnausikia tu, kipindi kile ulikuwa unakata masikio.

Nilipoingia chumbani Editha akafunua kitenge.

Wakuu, mguu wa kulia ulikuwa mguu wa mke wangu. Wa kushoto sikuujua ni wa nani. Umejaa kuanzia kwenye nyonga mpaka vidoleni, ngozi imevutika inang'aa, na rangi yake imegeuka zambarau iliyoiva. Nikigusa anauma meno.

Nikamchukua mtoto nikambeba ili mikono yangu iwe na kazi ya kufanya.

Kumbe huku nyuma mzee wangu kule bondeni alishapata habari, na alishatoa hukumu. Akanipigia.

"Ng'wanawane, mwanangu, huo mguu amekanyaga kitu. Mtu alitega. Mlete huku, kuna mtaalamu atamchanja na kutoa hiyo takataka. Nimeshamtuma binamu yako na gari."

Na kweli, kabla sijakata simu, Probox ya binamu ikaingia uani inapiga honi.

Sasa nifanyeje? Huyu ni baba yangu. Gari limefika, limejazwa mafuta, mke wangu analia. Nawaambia ukweli, nilisimama pale uani kama mlingoti. Nilikuwa sijui naelekea wapi.

Mama mkwe akatoka ndani anajifuta mikono kwa upande wa kitenge. Akaniambia taratibu, mbele ya binamu:

"Baba, mimi mwili wa mzazi naujua. Ukiukanda unalainika. Huu mguu kila nikiukanda unazidi kuwa mgumu. Sikandi tena. Tumpeleke hospitali."

Binamu akaingilia, "Mama, mzee kasema tuteremke bondeni."

"Mwambie mzee mkwewe anamsalimia sana, na gari lake tunaenda nalo mjini."

Akaingia kiti cha mbele na beseni lake, akafunga mlango. Binamu akanitazama. Nikamwambia washa gari, unanitazama mimi nina nini?

Ndivyo Probox iliyotumwa kutupeleka kwa mganga ilivyotupeleka hospitali.

Sasa nije kwa mtu aliyenifanya nifungue uzi huu. Nitamwita Dokta Neema, si jina lake. Binti mdogo wa umbo, koti limemzidi, ukikutana naye sokoni utadhani ni mwanachuo. Mimi moyoni nikasema tumekwisha, tumepewa mwanafunzi.

Jamani, nilikuwa sijui ninachosema.

Kwanza alimwamkia mama mkwe, "Shikamoo mama," kisha akaendelea kumsalimia kwa Kifipa. Mama aliyekuwa amekaza uso njia nzima akalegea.

Halafu akafunua miguu yote miwili. Sisi tulikuwa tunamwonyesha mbovu tu, yeye anataka yote. Akatoa futi ya kitambaa, ile ya fundi cherehani, akapima paja hili na paja lile, shavu la mguu huu na la mguu ule. Akabonyeza. Akashika juu ya unyayo kutafuta mapigo ya damu, akatulia pale muda.

Akauliza maswali ambayo sikuelewa yanaenda wapi. Kwenu kuna mtu amewahi kuganda damu? Amelala kitandani tangu lini? Anatumia vidonge gani? Anapumuaje?

Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasisimka. Alikunja mkono wa koti lake, akampa mama mkwe mkono wake mwenyewe.

"Mama, nionyeshe ulivyokuwa unamkanda. Nikande mimi."

Mama akasita, akaanza. Anakanda mkono wa daktari pale mbele ya manesi, kutoka kiwikoni kwenda juu, kwa vidole gumba, vile vile anavyofanya nyumbani. Daktari anaangalia tu, anaitikia kwa kichwa.

"Ulipokuwa kwenye paja hivi, kuna siku alikohoa ghafla? Au alishika kifua?"

Mama akaacha kukanda.

"Juzi," akasema. "Nilikuwa napandisha juu kwenye paja. Alikohoa, akasema kifua kinamchoma. Nikajua ni hii baridi."

Mimi nilikuwa silijui hilo. Editha mwenyewe alikuwa amelisahau. Na hakuna daktari ambaye angelipata kwa kufoka, maana mtu akifokewa anaficha. Dokta Neema alilipata kwa kutoa mkono wake ukandwe.

Akamshika mama bega. "Ahsante mama. Umenipa kitu kikubwa. Kuanzia sasa mguu huu hakuna wa kuukanda, hata mimi daktari siukandi."

Hapo hapo tukaenda ultrasound.

Aliniruhusu nisimame niangalie, akanielekeza. Mshipa wa kurudisha damu usio na tatizo, ukiubonyeza na kile kifaa, unasinyaa, kuta zake zinakutana. Akanionyesha wa kulia: unabonyezwa, unasinyaa. Akahamia kushoto. Anabonyeza, mshipa uko wazi vile vile. Anabonyeza tena, wapi. Ndani umejaa damu iliyoganda.

Akafuata juu. Goti, paja, nyonga. Kote umejaa. Akaingia tumboni, akamwita mwenzake. Wakatazama wote wawili.

Kwenye skrini kulikuwa na kitu kinacheza cheza, taratibu, mithili ya jani lililonasa mferejini. Nikauliza ni nini kile. Akasema ndiyo ncha ya ile damu. Imetoka mguuni, imepanda mpaka kwenye mshipa mkuu wa tumboni unaorudisha damu kwenye moyo, na ncha yake haijashika popote.

Nikamuuliza, anaweza kufa?

"Anaweza," akanijibu akiniangalia machoni. "Kipande kikikatika kikaenda mapafuni, anaweza kufa. Nadhani kidogo kilishakwenda ile juzi. Ndiyo maana naanza dawa sasa hivi, karatasi nyingine zitatufuata."

Baadaye CT scan ikaonyesha kweli, kipande kidogo kilikuwa sehemu ya chini ya pafu la kulia. Yaani alishakiona kwenye mkono wake uliokandwa, kabla ya mashine.

Alituelezea kwamba damu kuganda mguuni kwa mama mzazi inatokea, hasa baada ya operesheni na kulala sana, wenyewe wanaiita DVT. Lakini kupanda mpaka mshipa mkuu wa tumbo, na mguu mzima kugeuka zambarau, hiyo ni nadra. Na mara nyingi ni kushoto, kwa sababu mshipa wa kushoto unapita chini ya mshipa mwingine wenye msukumo mkubwa, unabanwa. Mimba nayo inaongeza kubana.

Kwa hiyo mtegaji wa mzee wangu alikuwa ni maumbile tu.

Sasa ikaja habari ya rufaa. Mimi nilitaka tuondoke mara moja, Mbeya, Dar, popote, nipeni ambulance. Dokta Neema akampigia bingwa wa mishipa wa hospitali kubwa, akamtumia picha, wakaongea mbele yangu. Wakakubaliana: sindano ya kuzuia damu kuganda ianze, mguu uinuliwe juu, atulie kitandani kwanza, asirushwe rushwe barabarani na ile ncha inaning'inia. Lakini mapigo ya unyayoni yakipotea au vidole vikipoa, hapo tunaondoka bila kujadili, maana mguu utakuwa unakufa.

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko mahali pengine pote. Nilikuwa naangalia vidole vya mke wangu tu.

Mzee naye akapiga simu, amechachamaa. "Yaani ana mshono mbichi tumboni, na wanamchoma sindano ya kufanya damu iwe nyepesi? Wanataka atoke damu afe?"

Na mimi, kusema kweli, swali lile lilinikaa. Nikampelekea daktari nikitegemea atakasirika. Hakukasirika. Alivuta kiti.

Akasema dawa hii haiyeyushi damu iliyoganda. Watu wengi wanadhani hivyo. Inaizuia isizidi kukua, na mwili wenyewe ndio unaoanza kusafisha polepole. Hatari ya kutoka damu ipo, hakunificha, na mshono utaangaliwa kila siku. Ila kumwacha bila sindano ni hatari kubwa kuliko hiyo. Akaongeza kwamba maziwa ni salama, mtoto anyonye.

Nikamrudia mzee nikamwambia, baba, nimemsikiliza, nabaki hapa. Akakata simu. Sikuwahi kumkatalia mzee wangu kitu mpaka siku ile.

Sasa sikieni mama mkwe alivyogeuka.

Kila Dokta Neema alipopita alishika juu ya unyayo kusikiliza mapigo. Mama alikuwa anaangalia. Akaomba afundishwe. Daktari akamshika kidole akakiweka penyewe. Kuanzia hapo yule mama hakutoka pale miguuni. Anashika, anatulia, anasema "yapo." Anamlisha mwanae uji, anarudi, anashika, "yapo." Nikitoka kununua chai nikirudi sijauliza, ananiambia "yapo."

Mikono ile ile, wakuu.

Kisha wageni wakaja. Mama mzazi hawezi kulazwa halafu Mpui ikae kimya. Siku moja wakati wa kuona wagonjwa wakajaa wamama wa jumuiya, na unga, na mayai, na chupa ya chai, na nyimbo. Mmoja, mama mtu mzima mwenye heshima zake, akafunua shuka, akashtuka, "Maskini mwanangu!" akaanza kuusugua ule mguu kwa huruma.

Mama mkwe alitoka upande wa pili wa kitanda sijui alirukaje. Akamdaka kiganja hewani.

"Usimguse! Kama mikono inakuwasha nenda nyumbani kakande unga!"

Wodi nzima ikageuka kututazama. Halafu mgonjwa wa kitanda cha jirani akaangua kicheko, na Editha, aliyekuwa hajacheka tangu tufike, akacheka mpaka akashika mshono wake.

Ila mama hakuishia kufukuza. Aliwaketisha wale wamama, akawaeleza yote, mpaka juu ya ile siku ya kukohoa. "Nilikuwa naisukuma damu kwenda kumuua mwanangu, na mimi sijui." Alisema hivyo hivyo, mbele za watu, sauti haitetemeki. Mimi nilitoka nje nikalia kwenye ukuta wa jengo. Sioni aibu kulisema.

Siku zikaenda. Rangi ikaanza kurudi, kwanza vidole, halafu unyayo. Futi ya fundi cherehani ikaanza kusoma kidogo kuliko jana. Wakarudia ultrasound: ile ncha haichezi tena, imepungua na kushika ukutani, na pembeni damu imeanza kupata njia. Dokta Neema alipoliona hilo alipiga kofi moja, akajifanya hajapiga.

Mzee wangu naye akaja. Alisimama mlangoni na fimbo yake, akautazama mguu, akautazama mwingine. Akamgeukia mama mkwe.

"Mkwe, uliniibia gari."

"Niliazima," mama akajibu. "Karibu ukae."

Akakaa. Kwa mzee wangu, hiyo ni barua ndefu ya kuomba radhi.

Editha akaanza kusimamishwa, kisha kutembea. Hilo nalo lilinishangaza, maana nilidhani atalazwa miezi. Kumbe dawa ikishashika, kutembea ni sehemu ya tiba, na kulala tu ndiko kulikochangia kumponza. Tukatoka akiwa na vidonge vya kuendelea navyo miezi kadhaa na soksi ya kubana mguu. Anarudi mjini kupimwa wepesi wa damu, dozi inapandishwa au kushushwa. Mboga za majani anakula, ila kiasi kile kile kila siku, asifanye leo sufuria zima kesho hamna, maana zinaingiliana na vile vidonge. Dawa za maumivu za dukani marufuku, mitishamba marufuku. Na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya kugandisha damu, yeye ndiyo basi tena.

Leo anatembea. Mguu wa kushoto bado unajaa kidogo jioni akisimama sana, na daktari alishatuambia unaweza kubaki hivyo. Tunaupokea. Nilishaona rangi nyingine ya mguu ule, hii naipenda.

Kwa hiyo wakuu, nilichojifunza mimi.

Mguu mmoja ukivimba kwa mama aliyejifungua, au mtu aliyefanyiwa operesheni, au aliyelala sana, usikande, usichanje, usisugue mafuta. Peleka hospitali. Akiongeza kukohoa ghafla, kifua kuchoma au pumzi kukata, kimbia.

Na nyinyi madaktari mlioko humu, sijui mnalipwaje heshima huko mliko. Mimi nilikuja na mwanamke anayekufa, nikakuta binti aliyejua kusoma mashine na kujua kuongea na mama yangu mkwe. Kimoja bila kingine, leo ningekuwa nalea mwenyewe. Nilimwambia ahsante nikaona neno ni dogo, akaniambia nimpeleke mtoto chanjo.

Mama mkwe hajaacha kazi yake, bado anaitwa. Ila sasa hagusi maji kabla hajasema: "Lete miguu yote miwili." Anaiweka sambamba, anaiangalia, anaipima kwa kipande cha kamba. Juzi hapa kaitwa kwa mkwe wa jirani, kaangalia, kamwaga maji yake yote ya moto nje, kaagiza gari. Yule binti bado yuko wodini, anachomwa sindano, na anapona.

Mwenye swali aulize, wataalamu nisahihisheni nilipoteleza, na kama yalikukuta simulia, wengine wapone.

Lakini kama muda huu unaposoma kuna mzazi chumba cha pili amelala na analalamika mguu, weka simu chini. Nenda kafunue yote miwili.